Somo: Kuchunguza makosa ya mwendelezo na mapengo ya hadithi katika tamthilia ya kisayansi

Kosa la mwendelezo huonekana kwa macho: jeraha lililokuwa shavu la kushoto linahamia la kulia. Pengo la hadithi ni tukio lisilowezekana kwa kanuni ambazo tamthilia yenyewe imejiwekea, nalo ni zito zaidi, kwa sababu linabomoa uamuzi wa wahusika.

Kwanza, tazama sehemu nzima (yaani kipindi kimoja cha tamthilia) bila kuisimamisha, ukiandika tu dakika ya kila jambo linalokutatiza.

Pili, kusanya kanuni, na hapa usifanye haraka. Andika kila kinachosemwa kuhusu kifaa au safari, pamoja na jina la msemaji, maana mhusika anaweza kukosea au kudanganya. Kwa mfano, mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kutoka Mirihi hadi Dunia, kutegemea umbali wa sayari hizo wakati huo. Nahodha aliyeko Mirihi akijibiwa na Dunia papo hapo, tafuta kama tumeelezwa kuwa anacho chombo cha mawasiliano kinachoushinda mwendo wa mwanga. Kama kipo, hakuna pengo. Lakini baadaye wenzake wakifa kwa kuwa ombi la msaada lilichelewa kufika, pengo limepatikana.

Tatu, rudia zile dakika ulizoandika. Mara nyingi maonyesho hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo chunguza saa za ukutani, nywele, na kiasi cha maji kwenye glasi.

Nne, linganisha na sehemu nyingine. Katika sehemu ya Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, iliyorushwa mwaka 1966, jiwe la kaburi limeandikwa James R. Kirk, ilhali baadaye nahodha huyo anaitwa James T. Kirk. Hilo ni kosa la mwendelezo tu, kwani hakuna tukio linalotegemea herufi hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mlipuko angani ukisikika, je, hilo ni pengo?
Jibu: Sauti haisafiri mahali pasipo na hewa, kwa hiyo sayansi imekiukwa, ingawa hadithi haijaathirika. Linakuwa pengo iwapo rubani wa chombo kingine ataokoka kwa sababu ya kuusikia mlipuko huo.

Swali: Na mhusika anayerudi wakati uliopita?
Jibu: Mwandishi ana haki ya kuchagua kama yaliyopita yanabadilika au hayabadiliki. Akitumia yote mawili katika sehemu moja bila kueleza, mwandikie pengo.

Swali: Nikibuni maelezo yanayoziba pengo, nilifute kwenye orodha yangu?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Liache, uandike maelezo yako pembeni, na uonyeshe ni dakika ipi ya sehemu hiyo inayoyaunga mkono.