Jinsi ya Kupanga Ziara ya Siku Moja katika Mji wa Kihistoria wa Tabora

Mgeni mwenye siku moja tu Tabora aanze kwa kuamua atakachokiacha. Wengi hutamani kuunganisha na Urambo, yalikokuwa makao ya Mtemi Mirambo, lakini safari hiyo ya kuelekea magharibi, kwenda na kurudi, itamlia sehemu kubwa ya siku, na mji wenyewe atauona kupitia dirisha la gari. Afadhali Urambo ipewe siku yake. Miezi ya Mei hadi Agosti ndiyo mizuri zaidi kwa matembezi, kwa kuwa mvua zimekatika na joto kali la Septemba na Oktoba halijaanza. Mvua zikishaanza kunyesha mwezi wa Novemba, barabara za udongo huwa na utelezi, ingawa mpenda maembe, ambayo huiva msimu huo, huenda akaona utelezi huo unavumilika.

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, aende Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji. Bajaji au bodaboda inatosha, ila akubaliane na dereva nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla ya kuondoka, kwani usafiri wa kurudia haupatikani kwa urahisi huko. Ni busara pia kumwomba mwenyeji, siku moja kabla, ahakikishe kwamba mtunza makumbusho atakuwapo.

Kilichopo Kwihara ni tembe, yaani nyumba ya kuta nene za udongo na paa la bapa, iliyojengwa upya pahali alipokaa Dk. Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, mwaka 1872. Asiishie kupiga picha mlango wa mbao uliochongwa. Aombe aelezwe habari za vita, maana bila vita hivyo Kwihara haieleweki. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alifika hapa mwaka 1871 akakuta njia ya kwenda Ujiji imefungwa na Mirambo, aliyekuwa akipigana na wafanyabiashara Waarabu. Akaingia vitani upande wao, wakashindwa, na Mirambo akaiteketeza sehemu ya Tabora, hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Baada ya kukutana na Livingstone alirudi naye hapa, kisha Stanley akashika njia ya pwani mwezi Machi 1872, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Mwaka uliofuata, baada ya Livingstone kufariki, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliupitisha mwili wake Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, wakiupeleka Bagamoyo. Kwa maoni yangu, safari ya wapagazi hao inastahili kuulizwa zaidi kuliko ya mzungu yeyote aliyepita hapa.

Saa nne au saa tano arudi mjini. Boma la Wajerumani atalitazama kwa nje, na asitoe kamera wala simu pasipo ruhusa, kwa sababu majengo ya aina hiyo huwa na shughuli za serikali. Penye Boma ndipo pa kumkumbuka Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome yake, aliwasha baruti aliyoihifadhi akajilipua kuliko kutekwa. Wajerumani nao walitolewa Tabora na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916. Mwaka huohuo walikuwa wamefua hapa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mtu akimwuzia mgeni sarafu hiyo mtaani kwa bei ya kutupa, aiache.

Chakula cha mchana kisichukue muda mrefu. Wali wa maharage unapatikana kila mahali, lakini sokoni aulizie matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikakauka. Ni vigumu vinapoanza kutafunwa, kisha utamu hutoka polepole.

Alasiri ni ya historia ya uhuru. Shule ya Wavulana Tabora, alikoingia Julius Nyerere mwaka 1937, bado ni shule yenye wanafunzi, hivyo mgeni aripoti kwanza ofisini na asiingie madarasani. Tabora ndipo pia ulipofanyika, Januari 1958, mkutano wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ulioamua chama hicho kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mzee yeyote anayeamkiwa vizuri anaweza kuwa na la kusimulia kuhusu mkutano huo, na kibao chochote hakitamshinda.

Mwisho ni stesheni ya reli, ambapo njia ya Mwanza huachana na ile ya Kigoma. Anayeondoka kwa treni au basi anunue asali kabla ya kufika hapo. Achague chupa yenye kifuniko kinachokaza, aifunge kwa mifuko miwili na kuisimamisha ndani ya begi la mkononi, mbali na nguo.