Jinsi ya kuchagua maskoti wa jumuiya ya lugha ya programu

Maskoti, yaani mnyama au kiumbe wa kuchorwa anayewakilisha kikundi, anafaa akiwa ni yule ambaye hata aliyejiunga jana anaweza kumchora bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hilo ndilo ninaloanza nalo kila ninapoombwa kusaidia watumiaji wa lugha fulani ya programu kumchagua wao.

Hatua ya 1: Anzeni na jina. Msikimbilie simba. Mwaka 1998 mchoraji Vincent Pontier aliziangalia herufi PHP, jina la lugha ya programu, kwa upande akaona tembo, na tembo huyo yupo hadi leo. Wanaoandika programu kwa lugha ya Rust hujiita Rustaceans, wakilichezea neno la Kiingereza “crustaceans”, yaani wanyama wa jamii ya kaa na kamba. Ndiyo maana maskoti wao, Ferris, ni kaa.

Hatua ya 2: Mpimeni kwa kalamu. Kata karatasi ya ukubwa wa kifuniko cha soda, mpe mtu asiyejua kuchora, umhesabie nusu dakika. Jaribu kwa Ferris: mwili mpana uliolala, miiba mgongoni, magando mawili juu, macho mawili makubwa. Mkono ukiteleza, bado ni kaa. Mchoro wenu ukitegemea manyoya na vivuli vya rangi, rudini mezani.

Hatua ya 3: Ulizeni maana yake kwingine. Bundi kwa Wazungu ni hekima. Kwetu akilia juu ya paa, watu huanza kuhofia msiba.

Hatua ya 4: Malizeni suala la leseni kabla ya kura. Hapa msiwe na haraka. Ngamia wa lugha ya Perl alitoka kwenye jalada la kitabu cha kampuni ya uchapishaji ya O'Reilly, na ni alama ya biashara ya kampuni hiyo. Shirika la Perl lenyewe likachukua kitunguu kuwa nembo. Gopher (mnyama mdogo mchimba mashimo, kama fuko) wa lugha ya Go alichorwa na Renée French, na leseni yake inakuruhusu kumtumia na kumbadilisha mradi umtaje mchoraji. Ferris, kazi ya Karen Rustad Tölva, aliachwa mali ya umma kabisa. Kikundi changu kiliwahi kuchapisha stika za mchoro tuliouokota mtandaoni. Mwenye mchoro alipojitokeza tulizitupa zote, na haki ilikuwa yake. Tangu hapo namwomba mchoraji aandike mapema: nani anaruhusiwa kunakili, kubadilisha, kuuza. Watu wakishampenda mnyama, hakuna atakayekubali kusikia habari za leseni.

Hatua ya 5: Msiharakishe kumtangaza rasmi. Nembo rasmi ya Rust ni herufi R ndani ya gia. Ferris hana cheo chochote, lakini ndiye watu wanayemfuma kwa uzi. Wekeni faili la SVG (mchoro unaoweza kukuzwa bila kuharibika), namba za rangi na leseni kwenye folda moja iliyo wazi, kisha waacheni watu wamvike kanzu na kofia watakavyo.