Kufukua dampo la zamani: piga hesabu ya udongo kwanza

Wengi wanaotaka kufukua dampo huanza na bei ya plastiki na chuma chakavu. Anza na udongo. Taka zilizokaa miaka 15 au 20 zimeshaoza. Ukizichekecha, mara nyingi nusu ya uzito au zaidi ni udongo mweusi wenye vipande vya chupa. Kama hujui utaupeleka wapi, utakuwa umehamisha lundo tu.

Chimba mashimo matano ya majaribio kwa kila hekta, kwa kijiko cha mtambo wa kuchimbia, hadi ardhi asilia. Mtu asishuke shimoni: hewa ya humo huua kimyakimya. Kila mita ya kina chota ndoo 10 za lita 20, zichekeche kwa wavu wa milimita 25, kisha pima kila fungu peke yake. Hekta moja yenye kina cha mita 5 ni mita za ujazo 50,000. Kwa kilo 900 kila moja, ni tani 45,000. Chekeche la pipa linalozunguka, la tani 30 kwa saa, likizunguka kweli saa 6 kwa siku, litazimaliza kwa siku 250. Kwa hiyo tenga misimu miwili ya kiangazi.

Fukua kutoka juu kushuka, kwa ngazi zisizozidi mita 2, wala usile lundo kwa chini. Kiteezi, dampo la jiji la Kampala, lundo liliporomoka Agosti 2024 baada ya mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 30. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa, basi kipimo kikifika asilimia 1, zima mitambo na uwaondoe watu. Ukikuta sindano au vipande vya asbesto, simamisha sehemu hiyo hadi wenye kibali cha taka hatarishi wafike.

Sasa kausha, na hapa usiwe na haraka. Panga matuta ya kimo cha mita 2 na uyageuze kila wiki kwa wiki 3 au 4. Ukiwa na glavu, finya donge: likitoa maji au likishikana kama ugali, bado. Likisambaratika vidoleni, lipeleke kwenye chekeche. Taka zenye maji huziba matundu ya chekeche, udongo hung'ang'ania plastiki, na mafungu yote mawili hukosa mnunuzi. Nguo na kamba nazo hujizungusha kwenye pipa. Zikatwe kila jioni, umeme ukiwa umezimwa na kufungwa kwa kufuli.

Sumaku juu ya mkanda hutoa chuma, fungu linalouzika upesi. Plastiki ya dampo imepauka na huvunjika, haifai kwa vyombo vya chakula. Tanuri la saruji huipokea kama fueli ikiwa kavu, bila mabomba ya PVC, kwa sababu ya klorini. Pata viwango vya kiwanda kabla hujachimba.

Waajirini waokota taka wa hapo hapo, kwa buti, glavu na chanjo ya pepopunda. Wanajua tabaka za lundo kuliko ramani yoyote, na mkiwafukuza mmewanyang'anya riziki.

Udongo upimwe madini ya risasi, kadimiamu, kromiamu na zebaki. Udongo huo usipelekwe shambani kamwe, maana vioo havichujiki vyote. Utumike kufunika taka za kila siku kwenye dampo jipya, au kujaza mashimo yaliyo mbali na visima.