Kutoka Tanga mpaka jangwa la Chalbi kwa gari: namna ya kupita njia za mashaka na kurudi nyumbani

Wakuu, kabla hata ya kuongelea gari, jifunzeni kuuliza njia. Sisi watu wa pwani mtu akituuliza "huko salama?" tunajibu "salama" kabla hatujafikiri, ni adabu tu, mtu anaweza akawa ametoka msibani na bado akasema salama. Kaskazini mwa Kenya nako ni hivohivo. Kwaio ukifika Isiolo au Marsabit ukamuuliza mwenye duka kama njia ya mbele ni salama, jibu utakalopata halikusaidii kitu. Uliza mambo ambayo mtu lazima afikirie kidogo ndo ajibu. Gari la mwisho kutoka huko limeingia saa ngapi? Mabasi jana yamelala wapi? Malori yanatoka mojamoja au yanasubiriana? Mnada wa mifugo wiki hii umefanyika? Alafu lile la mwisho ambalo mimi naliamini kuliko yote: leo hii ungempandisha mama yako gari akapita hiyo njia? Akisita hapo, hata kidogo tu, mi sitoki siku hiyo.

Mimi ni wa Makorora hapahapa Tanga, nna Land Cruiser mkonga ya zamani ya dizeli, na huko juu nshaenda mara tatu, mara mbili nikafika ziwa Turkana na mara moja nikageuza. Naandika kwa sababu vijana wengi saivi wanaona video za watu wanakatiza Afrika wanataka waondoke kesho, na roho inaniuma nikiwaona wanajadili rangi ya tenti wakati hawajui barabara ipi imefungwa na kwa nini.

Tuanze na pa kutokwenda. Sudan tangu vita ilipoanza tarehe 15 Aprili 2023 ile njia ya kushuka na Nile mpaka Misri isahau kwa sasa. Kule Kongo mashariki, Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, ukanda ule sio wa matembezi. Kusini, ukivuka Daraja la Umoja pale Ruvuma unaingia Cabo Delgado ya Msumbiji, na huko mashambulizi ya wapiganaji yalianza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, Palma ikavamiwa Machi 2021, watu wa Mtwara wenyewe watakwambia walichokiona. Njia za Mandera na mpaka wa Somalia pia hapana, kule Novemba 2014 basi lilisimamishwa abiria 28 wakauawa. Sehemu kama hizi hakuna ujanja wala gari litakalokusaidia, na ukipatwa na jambo unawapa watu wengine kazi ya kuja kukutafuta na wao wana watoto.

Inayobaki, na ambayo kwa mtu wa Tanga inawezekana kabisa, ni kupanda Horohoro, Lunga Lunga, Mombasa (siku hizi kuna njia ya Dongo Kundu, kivuko cha Likoni sio lazima), Nairobi, Isiolo, Marsabit, alafu unaacha lami unaingia Chalbi na Loiyangalani, mji wa kando ya ziwa Turkana. Ile Isiolo mpaka Moyale, mpakani na Ethiopia, kama kilomita 500, zamani ilikuwa kokoto tupu na malori yalikuwa yanakwenda kwa msafara na askari kwa sababu ya shifta, yaani majambazi wa njiani. Sasa ni lami yote. Ila msidanganyike na lami. Ugomvi wa mifugo, malisho na maji haujaisha, upo pembeni ya barabara. Turbi mwaka 2005 watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja, na bonde la Suguta karibu na Baragoi Novemba 2012 waliuawa polisi zaidi ya 40 waliokwenda kufuata ng'ombe walioibiwa. Kama polisi wenye silaha yaliwakuta hayo, wewe na tochi yako unaingia Suguta kufanya nini.

Alama ninayoitazama mimi ni watu. Njia yenye watoto wanaochunga mbuzi, kinamama na madumu ya maji, punda, hiyo ni njia inayoishi. Ukienda kilomita 20 za malisho mazuri hujaona mchungaji hata mmoja, au ukapita boma limeachwa na miiba ya zizi bado ipo, simama geuza. Hivo ndo nilivyogeuza ile mara yangu ya pili, hatukuona mtu tangu asubuhi na mwenzangu alikuwa ananing'ang'aniza kwamba zimebaki kilomita 60 tu. Tulirudi Laisamis jioni, tukakuta watu wanatushangaa tumetokea upande ule. Sijawahi kujua mbele kulikuwa na nini na sihitaji kujua.

Karatasi sasa. Kadi ya gari iwe jina lako, kama ni ya kaka yako au ya kampuni beba barua ya ruhusa iliyogongwa muhuri wa wakili, pale Horohoro nimeona watu wamerudishwa kwa hili tu. Kuna kadi mbili za njano na watu wanazichanganya: moja ni bima ya COMESA ya gari ukiwa nje, inafanya kazi Kenya na Ethiopia pia, omba kwa kampuni yako ya bima kabla hujatoka. Nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano, chomwa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu 2016 chanjo moja inahesabika maisha yote. Piga kopi za kila kitu na uziweke mbali na zenyewe. Droni acha nyumbani, Kenya inataka leseni na Ethiopia wanakunyang'anya pale forodha. Na mkivuka Moyale kumbuka Ethiopia wanaendesha upande wa kulia, wa pwani tunasahau kwenye mzunguko wa kwanza tu.

Gari. Sitaki kuandika mengi hapa maana fundi wako anaijua gari yako kunishinda mimi. Cha kusisitiza: safiri na gari ambalo fundi wa kijijini anaweza kulifungua. Spea mbili za tairi, sio moja. Mikanda ya injini, chujio za dizeli, mpira wa rejeta, pampu ya upepo, jeki kubwa na kipande cha ubao mnene wa kuweka chini yake maana kwenye mchanga jeki inazama yenyewe. Kamba ya mkonge yetu ni nzuri ya kufungia mzigo ila ya kuvutia gari nunua mkanda wenyewe wa kuvutia.

Mafuta ndo watu wanakosea. Wanapiga hesabu ya ulaji wa lami. Langu likiwa na mzigo linakwenda kilomita 8 kwa lita barabara ya Segera, likifika mchanga linashuka mpaka 4. Kwaio piga hesabu kwa ile 4: kama kuna kilomita 350 bila kituo cha kuaminika ni lita 88, ongeza theluthi ya kupotea njia na kurudi, inakuja kama 117. Tangi langu ni lita 90, nabeba madumu mawili ya chuma ya 20. Mafuta ya vijijini yanauzwa kwenye chupa na madumu, yachuje kwa kitambaa safi hata kama muuzaji ananuna. Maji mimi nahesabu lita 6 kwa mtu kwa siku, na usiweke yote chombo kimoja, gari likiruka mara moja dumu likapasuka umebaki na kiu na jangwa.

Kwenye mchanga laini punguza upepo. Mi kwenye lami tairi naziwekea upepo wa psi 40, mchangani nashusha mpaka 20, na ukitoka mchangani jaza tena kabla hujakimbia maana tairi laini kwenye mwendo inachemka inapasuka. Ukizama usiendelee kukanyaga mafuta, unajichimbia kaburi la gari. Shuka, chimbua mbele ya tairi zote nne, weka mbao au majani makavu, toka taratibu kwa gia ndogo. Chalbi yenyewe ni uwanda wa chumvi, kiangazi unakwenda kama uko uwanja wa ndege, lakini mvua ikinyesha hata siku tatu nyuma inakuwa kama wali ulioungua juu tu, ukoko juu mkavu na chini uji. Fuata alama za magari yaliyopita leo. Hakuna alama mpya, zunguka. Kama unakwenda ziwani tu, ile barabara ya kutokea Laisamis ilitengenezwa vizuri ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo, kuna nguzo 365 za mapanga kule, na ndo njia ninayomshauri mtu wa mara ya kwanza.

Kwenye beria. Punguza mwendo mapema, shusha vioo vyote, vua miwani ya jua, giza likiwa limeanza washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Salimia kwanza, kwa Kiswahili chetu cha adabu, na Waislamu wako wengi huko kwaio salamu aleikum inafungua milango. Wasamburu waambie supa, Waturkana ejoka, Waborana nagaa. Ukitaka kutoa karatasi sema kwanza "natoa karatasi hapa" ndo uingize mkono. Simu isionekane kabisa, usipige picha askari, daraja wala kambi. Wakikwambia subiri msafara, subiri, hata kama ni mpaka kesho. Mjini kwetu tuna ule msemo wa waja leo waondoka leo, huko usiende na mwendo huo, siku mbili za akiba ziwe kwenye bajeti tangu unaondoka pale stendi ya Kange.

Usitembee usiku. Mi saa 10 jioni natafuta pa kulala, na nalala karibu na watu, misheni, kituo cha polisi au boma ambalo mzee wake nimemuomba ruhusa na kumpelekea sukari na majani ya chai. Kujificha porini peke yako unaonekana tu, moshi na taa vinaonekana mbali sana kule.

Na nyumbani acha mtu mmoja mwenye ratiba yako iliyoandikwa, mtu mtulivu. Mimi ni dada yangu. Natuma ujumbe kila siku kabla ya isha nikisema niko wapi na kesho naelekea wapi. Mtandao ukiwa haupo namwambia mapema "kesho hutanisikia, keshokutwa jioni utanisikia". Ikipita hiyo jioni na saa 24 juu yake, anapiga namba tatu nilizomwachia, ya kwanza ni ya mtu wa mwisho kuniona. Hapigi mapema akawatia watu hofu na hachelewi akasema labda chaji imeisha. Tumekubaliana hivo mezani, na mama akiwepo anasikia, kwa sababu yeye ndo asiyelala.

Ukishafika salama Marsabit kwenye lami, kabla hujaoga, mpigie yule dereva wa lori au yule mwenye hoteli ya chai aliyekupa habari asubuhi ya kuondoka. Mwambie njia umeikutaje, wapi kuna tope, wapi hukuona mtu. Kesho kuna mwingine atamuuliza.