Kabla ya kumkabidhi mwingine Subaru yako

Unapoiuza Subaru Impreza WRX uliyoitunza kwa miaka mingi nchini Kenya, usimpe mnunuzi ufunguo kabla hujaanzisha uhamisho wa umiliki katika akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, naye akaukubali katika yake, kwa kuwa jina lako likibaki kwenye hati, makosa yake ya barabarani yatakutafuta wewe. Mwache aiwashe injini ikiwa baridi, asikie mwenyewe kama inagonga. Mnunuzi wangu alizikagua risiti za fundi, hata ile ya mkanda wa taimingi iliyolowa oili, kwa makini kuliko alivyoitazama rangi. Kirungu cha gia, kilichong'arishwa na kiganja changu, nilikifungua kwa ridhaa yake, nikamfungia kipya.