Somo: Habari mbili zinagombana, na zote ni kweli

Ndugu zangu mnaojiandaa na testi za mantiki, iwe GMAT (ya kuingia masomo ya biashara), LSAT (ya kuingia masomo ya sheria) au za kazi za mashirika hapa Goma, leo tushike aina moja tu ya swali: lile linaloleta habari mbili zinazogombana, halafu linauliza ni jibu gani litazipatanisha. Hili nimelitunga mwenyewe:

Mbabula mpya (jiko la makaa) inakula nusu ya makala ya ile ya zamani kwa kila sufuria. Mama mmoja wa Ndosho aliinunua, lakini tangu hapo gunia lake linaisha mapema kuliko zamani.
a) Bei ya makala ilipanda mwezi ule.
b) Mbabula yake ya zamani ilikuwa imepasuka.
c) Siku hizi anachemsha maharage ya kuuza tangu asubuhi.
d) Jirani zake bado hawajainunua.

Kwanza, tafuta "lakini", "hata hivyo" au "ilhali", uandike kando kilicho huku na kilicho kule. Kwa sufuria: nusu. Kwa gunia: haraka.

Pili, na hapa ndipo wengi wanaanguka, usibishane na habari. Mimi kwenye testi ya shirika moja nilipoteza dakika nzima nikibisha moyoni kwamba jambo lile haliwezekani, na maswali ya mwisho sikuyafikia. Zote mbili ni kweli. Unachotafuta ni neno la tatu ambalo halikusemwa.

Tatu, kabla ya kusoma majibu, angalia kila habari inahesabu nini. Moja inahesabu kwa sufuria, nyingine kwa gunia. Basi huenda sufuria zenyewe zimeongezeka, tena zaidi ya mara mbili.

Sasa soma majibu, kila moja ulichukue kuwa kweli. Jibu a ni la pesa. Bei haiwashi moto. Jibu b linazidisha fumbo, maana kama ya zamani ilipasuka, mpya ingeokoa makala zaidi. Jibu d liko nje. Jibu c linaacha habari zote mbili zisimame.

MASWALI

Mwalimu, kama majibu mawili yanaeleza? (Himbi)
Yapime tena pande zote mbili. Mara nyingi moja linaeleza upande mmoja tu.

Haya yanatokea kweli, ao ni mitego ya testi? (Bukavu)
Yanatokea, dada. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, kilikubali asilimia 44 ya wanaume walioomba masomo ya juu, na asilimia 35 ya wanawake. Ilipochunguzwa idara kwa idara, pengo hilo kubwa halikuonekana. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ngumu kuingia, zinazokataa wengi, wanaume kwa wanawake.

Na kama gunia lenyewe siku hizi wanalijaza kidogo? (Katindo)
Vizuri sana! Hilo nalo linapatanisha, mradi wanalijaza chini ya nusu ya zamani. Ungelikuta kati ya majibu, na c halipo, ungelichagua bila kuogopa.