Moyo ukianza kudunda ovyo, refusha pumzi ya kutoka

Kwa wenzangu tuliokwishapimwa na kuambiwa ni fibrilesheni ya atria (vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kudunda kwa mpangilio): moyo ukianza fujo zake, keti, legeza mabega, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Hiyo ni kama pumzi 6 kwa dakika; endelea dakika 5 au 10. Unapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, hupunguza kasi ya mapigo, na hofu nayo hushuka (hofu ndiyo petroli ya moto huu). Usitarajie mdundo urudi sawa. Mara nyingi ni wewe tu unayetulia. Kujikamua kama uko chooni husaidia aina nyingine ya moyo kwenda mbio, si hii. Na kama wako huanza usiku umelala au baada ya kushiba, huenda vagasi yenyewe ndiyo mchokozi, basi mbinu hii isikufae. Shingo usiikande ili kutuliza moyo. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache. Kifua kikiuma, ukizimia, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, achana na pumzi: hospitali, mara moja.